Shangazi, shoga yangu kanipa mgongo tangu nianze kumshuhudia

Shikamoo shangazi, na Bwana asifiwe kwa wapendwa wote watakaosoma hapa. Naomba ufiche jina langu. Mimi ni dada wa miaka 31, ni fundi cherehani hapa Tanga, kwetu Upareni ila nimeolewa huku na maisha yangu yote yako huku sasa. Nina fremu Makorora ambayo kodi tunachangia na mwenzangu mmoja nae fundi, nimuite mama Z, ni Muislamu, kwao Pangani. Kiukweli shangazi huyu dada ni zaidi ya ndugu, mimi nimekuja mjini hapa sijui mtu yeye ndo alinipokea, akanifundisha kukata madera na kushona abaya ambazo huku ndo zinaleta hela, nilivyojifungua kwa upasuaji yeye ndo alikuwa anakuja asubuhi kunipikia uji na kunifulia nguo za mtoto, na kazi za wateja wangu alizimalizia yeye akaniletea hela yangu yote mpaka ya mwisho. Ramadhani nafuturu kwake, Krismasi watoto wake wanashinda kwangu, hivo ndo tulivyokuwa tunaishi.

Sasa mimi nimeokoka. Zamani nilikuwa Mlutheri wa jina tu, wa Pasaka na Krismasi, ila Mungu alinigusa kwenye mkesha mmoja na sasa hivi nasali kanisa la kiroho hapa hapa mjini. Shangazi amani niliyonayo siwezi kuielezea, mume wangu alikuwa mlevi mimi nilikuwa silali usiku, nina hasira, watoto nawapiga kwa kosa dogo, na vyote hivyo vimetulia, hata yeye pombe ameacha. Sasa ukipata kitu kizuri hivi utamnyima vipi mtu unayempenda? Ndo nikaanza kumshuhudia mama Z.

Mwanzo alikuwa ananisikiliza tu anacheka, ananiambia "shoga mie nakusikiliza, na wewe siku moja unisikilize", tunaendelea na kazi. Nikaona huyu mlango umefunguka. Basi kila asubuhi nikimaliza maombi ya saa kumi na moja namfowadia klipu za mahubiri WhatsApp, tukifungua fremu naweka redio ya injili kwenye spika, na vipeperushi nikawa namuwekea kwenye droo ya cherehani yake, vile vya "ukifa leo utaenda wapi". Kanisani nako tukaletewa fomu, kila mshirika aandike majina ya watu watano atakaowaleta kwenye mkutano wa injili mwezi wa tisa, na pembeni kuna sehemu ya kujaza hali ya huyo mtu kila wiki, kiongozi wa seli, yani kile kikundi kidogo cha waumini, anakagua. Jina la kwanza nikaandika la mama Z, pembeni nikajaza "Muislamu, bado mgumu, ana roho ya dini". Pia kanisani kulikuwa na msaada wa madaftari na sare kwa watoto, nikamwambia awalete wanawe Jumapili waandikishwe maana mume wake vibarua vya bandarini vimekuwa vya kubahatisha.

Alafu baba yake akafariki. Tulienda msibani Pangani mimi na dada wawili wa kanisani, nikakaa nae ndani, nikaona hapa sasa moyo umelainika, nikamwambia mama Z umeona maisha yalivyo mafupi, mzee ameondoka hakupata nafasi ila wewe bado unayo. Hakunijibu kitu, akanyanyuka akaenda kukaa na shangazi zake.

Tangu hapo amebadilika. Salamu anaitikia, kazi tunafanya, ila cherehani yake kaihamishia mlangoni kanipa mgongo, chai anaenda kunywa kwa mama ntilie wa jirani, watoto wake hawaji tena kwangu. Na ile fomu niliisahau juu ya meza ya kukatia, siku moja nikaikuta juu ya cherehani yangu imekunjwa vizuri imewekewa mkasi isipeperuke. Sijui kama aliisoma.

Kiongozi wangu wa seli anasema nisirudi nyuma hiyo ni vita ya kiroho, nizidishe, na kanisomea Ezekieli kwamba nisipomuonya mtu akafa damu yake itadaiwa mkononi mwangu. Shangazi hilo neno linaninyima usingizi. Nikiongea nampoteza shoga yangu, nikinyamaza damu yake iko juu yangu. Mume wangu yeye anasema nihame fremu tu yaishe. Je nimuonee haya Yesu ili nibaki na rafiki? Au nihame? Nisamehe kwa urefu.

Fundi wa Makorora

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu, na asifiwe. Kwanza hongera ya mume kuacha pombe, hilo si dogo, nyumba ngapi tunazijua zimezama humo.

Sasa nikwambie nilichokiona. Barua ndefu yote hii, mama Z ameongea mara moja tu. Sentensi moja. "Mie nakusikiliza, na wewe siku moja unisikilize." Hiyo siku moja ilifika? Maana hukuniambia. Nimesoma hapa najua maombi yako ni saa ngapi, najua redio, najua klipu, najua mpaka maneno ya kwenye kipeperushi, ila mama Z mwenyewe simjui. Anaamini nini kuhusu Mungu kwa maneno yake yeye, anaomba nini akiwa peke yake, kitu gani kinamtisha, yule mzee wake alikuwa mtu wa namna gani, mvuvi, mkulima wa nazi, mwalimu wa madrasa? Wewe ni fundi. Mteja akikuletea kitambaa unaanza na futi au unaanza na mkasi? Huyu umemkatia bila kumpima, ndo maana nguo haimkai, alafu kwenye daftari umeandika mteja ana mwili mgumu.

Usikasirike, naongea hivi kwa sababu naona kabisa unampenda. Mapenzi yapo, ila yamefunikwa na haraka.

Angalia Yesu mwenyewe pale kisimani, Yohana 4. Yule Msamaria alikuwa wa dini nyingine kwa hesabu za Wayahudi, hawakuchangamana, na Yesu alikuwa amechoka na safari, jua kali la saa sita. Neno la kwanza alilomwambia ni "Nipe maji ninywe". Yani aliyekuwa na kila kitu akaanza kwa kuomba. Yule mama akauliza maswali, tena mengine ya ubishi, mlima huu au Yerusalemu, na Yesu akayajibu yale aliyoulizwa, hakumwambia nyamaza nina point tatu za kukuhubiria. Na habari ya waume watano aliijua yote lakini aliigusa kwa namna ambayo yule mama alitoka pale hajadhalilika, akaacha mtungi wake akaenda kuwaita watu. Alafu chukua kisa kingine, yule tajiri wa Marko 10. Imeandikwa Yesu akamkazia macho, akampenda, akamwambia ukweli, jamaa akaondoka kwa huzuni. Yesu hakumkimbilia kwa nyuma, hakutuma wanafunzi wakamfuate nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Alimuacha aende. Kumpenda mtu ni pamoja na kumuachia nafasi ya kusema hapana, na hilo naona kanisani kwenu halifundishwi sana.

Tuje kwenye karatasi. Mwanangu, aliisoma. Mtu hakunji karatasi vizuri akaiwekea na mkasi juu kama haijui ina nini. Mwandiko wako anaujua, ni ule ule unaoandikia vipimo vya wateja, kiuno sitini na nane, mkono hamsini na tano, sasa siku hiyo akausoma unasema yeye ni mgumu ana roho ya dini. Mwanamke aliyekufulia nguo za mtoto una mshono tumboni. Hapo jiweke wewe. Si utaanza kurudi nyuma kuhesabu, kwamba kumbe ile chai, kumbe yale mazungumzo, kumbe hata kuja msibani, nilikuwa namba moja kwenye orodha ya mtu? Na bado hakuichana, hakuirusha kwenye vitambaa, hakukugombeza mbele ya wateja. Aliirudisha na akahakikisha upepo hauichukui wengine wakaisoma. Hiyo heshima uitambue, maana wengi tusingeiweza.

Sikatai kuombea watu kwa majina, mimi mwenyewe naombea. Ila jina ninalompelekea Mungu halikaguliwi na kiongozi wa seli kila wiki kujua limefikia wapi.

La msibani ndo zito kuliko yote, nadhani hata wewe unajua ndo maana umeliandika haraka haraka ukapita. Mtu amemzika baba yake. Unamwambia mzee "hakupata nafasi". Hiyo hukumu ya yule mzee ulipewa na nani? Biblia yenyewe ina marafiki watatu wa Ayubu, walikaa nae chini siku saba hawajasema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno (Ayubu 2:13), na hapo ndo walifanya vizuri. Walipoanza kufungua midomo kumuelezea Mungu anavyofanya kazi wakaharibu, mpaka mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia. Na Yesu pale kwa Lazaro alilia kwanza, tena akijua anaenda kumfufua. Wewe ulikuwa huna uwezo wa kumfufua mzee, kwa hiyo ulibaki na kazi moja tu, ya kulia na shoga yako.

Mimi kwetu ni Bonde, kule Muheza. Huko wamisionari wa Kianglikana walifika Magila tangu karne ya 19, na Uislamu nao ulipanda kutoka pwani, kwa hiyo ukoo wetu nusu wamebatizwa nusu wanaswali, nina baba mdogo shehe na nina binamu kasisi, na kwenye misiba utakuta wanaochimba kaburi la Mkristo ni Waislamu na wanaopika kwenye khitma ya Muislamu ni akina mama wa kanisani. Kila mtu anaijua imani ya mwenzie, hakuna anayejificha. Na nimeona watu wakivuka, wengine kuja huku, wengine kwenda kule, ndo maisha. Ila hao wote niliowahi kuwasikia wakielezea kilichowavuta wanataja mtu. Sijasikia hata mmoja anayetaja kipeperushi kwenye droo.

Sasa hilo la Ezekieli maana ndo linakunyima usingizi. Kaisome mwenyewe sura ya 3 na ya 33 kwa kutulia. Ezekieli aliwekwa mlinzi wa nyumba ya Israeli, watu wake mwenyewe, wenye agano na torati ile ile, waliokuwa wamechukuliwa nae uhamishoni Babeli, na anaambiwa awaonye juu ya maovu wanayoyafanya wakijua. Kulitoa neno hilo pale na kuliweka shingoni mwa fundi wa Makorora ili ajaze fomu ya watu watano, hapana. Watumishi wengi wanalipenda kwa sababu linatia hofu, na mtu mwenye hofu anafanya kazi sana, ila hofu hiyo hiyo ndo ilikufanya uone msiba wa mwenzio ni nafasi. Maneno yaliyoandikwa kwa watu wa hali yako ni ya 1 Petro 3:15, wale walikuwa Wakristo wachache katikati ya majirani wa imani nyingine kama ulivyo wewe: "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Huo mwisho wa mstari wahubiri wengi huwa wanaukatia njiani. Na Paulo kwa Wakorintho anasema yeye alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Kama kukuza sio kazi ya Paulo basi sio kazi yako wala ya kiongozi wa seli. Damu ya mama Z haiko mkononi mwako mwanangu, lala usingizi.

Na hili la mwezi wa tisa, kwamba ikifika tarehe ya mkutano mtu awe ameshaiva. Johannes Rebmann, yule Mjerumani tunayemsoma shuleni kwamba aliona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alifika Rabai nyuma ya Mombasa mwaka 1846 na akaondoka 1875, macho yameshapofuka. Karibu miaka thelathini. Waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Muda wake mwingi alikaa na watu akiwasikiliza na kuandika lugha zao neno kwa neno. Sasa mtu kama huyo ungempa ile fomu yenu angejaza nini pale pembeni?

Suala la sare na madaftari nalo uliangalie. Wazo lilikuwa zuri, njia ndo mbaya. Unamwambia mtu mwenye shida, msaada upo ila aje na watoto Jumapili. Hapo umemuwekea imani na madaftari kwenye mizani moja, na akija hutajua kaja kwa nini, hata yeye mwenyewe hatajua. Wale watu waliomfuata Yesu ng'ambo ya ziwa aliwaambia wazi, mnanitafuta kwa sababu mlikula ile mikate mkashiba. Alisikitika, hakuwahesabu kama waongofu. Ukitaka kuwasaidia watoto wa mama Z, nunua madaftari wape, kwisha, wewe si ni mama yao mdogo?

Alafu kuna kitu sidhani kama umekifikiria. Wewe unamualika kwenye mkutano wa siku moja, yeye anachokiona ni ndoa yake, maana ana mume, ana mama mjane sasa hivi, ana shangazi na wajomba Pangani nzima, watoto wako madrasa. Mwanamke wa kwao akihama dini anaweza kubaki hana pa kukaa, anaweza kuachwa, anaweza kutengwa na watoto. Sisemi kwa hiyo usimwambie habari za Yesu. Nasema ujue unaongelea kitu kizito kiasi gani, usikiongelee huku unapiga pasi pindo la dera na spika inapiga kelele. Na ikitokea kweli siku moja anauliza kwa moyo wake, usimkimbize kwenye jukwaa la ushuhuda na kumpiga picha ya grupu la kanisa, utamuua.

Kwa upande wa nchi haki yako iko wazi kabisa, Katiba yetu ibara ya 19 inasema kutangaza na kueneza dini ni huru, na papo hapo inasema ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Yako na yake. Sisi tuliokuwepo enzi za mihadhara ya viwanjani, Biblia na Kurani zinafunguliwa kwa spika watu wanashindana nani kamuumbua nani, tunakumbuka majirani walivyokuwa wanaangaliana siku ya pili yake. Makelele mengi, na sikumbuki ndoa au urafiki uliopona kwa sababu ya ile mihadhara.

Cha kufanya. Nenda ukamuombe radhi, ana kwa ana, sio kwa meseji na sio kwa kutuma mtu. Subiri wateja wamepungua, usichague Ijumaa mchana, vuta kigoda kaa karibu yake pale mlangoni, useme hivi au kwa maneno yako: "Mama Z, siku ile Pangani nilisema neno juu ya baba ambalo sikupaswa kulisema. Nimekukosea. Na ile karatasi uliisoma, nimekukosea pia, wewe sio jina la kwenye fomu. Naomba unisamehe." Basi. Unyamaze hapo. Usiweke "ila", usiseme "ni kwa sababu nakupenda nataka uokoke", maana ukiongeza hilo umerudi pale pale. Akilia, alie. Akikwambia maneno makali, yapokee, usimjibu kwa mstari. Akikaa kimya wiki nzima baada ya hapo, mpe hiyo wiki.

Kama dua ya arobaini ya mzee haijapita, nenda. Peleka sukari na mchele kama jirani yeyote, ingia jikoni menya vitunguu na wenzako, na wale dada wawili wa kanisani waache nyumbani. Na siku nyingine ukipata nafasi muulize, mzee alikuwa mtu gani? Alafu kaa usikilize mpaka amalize.

Redio izime, au weka sauti unayoisikia wewe tu. Ile ni fremu ya watu wawili, na kama yeye angekuwa anafungua kaswida na mawaidha kuanzia asubuhi mpaka mnafunga ungeshahama zamani. Klipu acha kabisa. Hivi kweli unajua wahubiri wote wa kwenye hizo klipu wanasema nini kuhusu Waislamu? Nyingine mtu anafowadi hata hajaisikiliza mpaka mwisho. Una ushuhuda wako mwenyewe wa bure, mama Z alimuona mumeo akirudi anapepesuka na sasa anamuona anarudi saa kumi na mbili na mkate mkononi. Hilo ameliona kwa macho yake, hahitaji kufowadiwa.

Na ile siku moja aliyokuomba, mpe. Mwambie uliwahi kuniambia nikusikilize na sijawahi, leo niko hapa. Jiandae lakini, inawezekana akakualika wewe usilimu, ulidhani anataka kukusimulia bei ya vitenge? Utajisikia vibaya kidogo, utataka kukatiza, utatafuta mstari wa kujibia. Vumilia. Utajifunza mengi kuhusu alivyokuwa anajisikia yeye. Akikuuliza na wewe unaamini nini, hapo sema bila kupunguza, taja jina la Yesu, sema alichokufanyia, sema kwanini unamwita Mwokozi. Kitu unachokijua kiseme, usichokijua usibishane, na Kurani kama hujaisoma usijitie kuifafanua kwa aliyeisoma tangu ana miaka sita. Kumuonea haya Yesu kungekuwa pale unapoulizwa ukakwepa. Kukaa kimya ili mwenzio aongee sio haya.

Ila kabla hujaenda kuomba radhi kuna swali ujijibu peke yako. Mama Z akibaki Muislamu mpaka siku anazikwa kule Pangani kando ya baba yake, utakuwa bado shoga yake? Ukijibu ndiyo kwa moyo, nenda leo. Ukiona jibu linasuasua, subiri kwanza uombe, maana huyu mmekaa fremu moja miaka, atakusoma usoni kabla hujamaliza sentensi ya kwanza.

Kwa kiongozi wa seli nenda kwa adabu, usiende kwa ugomvi. Mwambie mtumishi, jina la mama Z nalitoa kwenye fomu, nitaendelea kumuombea nyumbani. Akikubana sana kamuone mchungaji mwenyewe umueleze yote na kisa cha msibani, mchungaji mwenye hekima atakuelewa na pengine ataitazama hiyo fomu upya. Asipokuelewa bado huna dhambi, hakuna amri ya kujaza fomu.

Kuhusu fremu mwambie baba watoto asubiri. Ukihama sasa hivi bila kuomba radhi, mama Z atabaki na maana moja tu, kwamba alivyogoma kubadili dini ulikuwa huna kazi nae tena. Na kwa hesabu za kawaida tu, kodi ya peke yako utaitoa wapi, na sare za shule za mwezi wa kwanza mnazigawana wawili ndo zinaisha kwa wakati. Kama yeye mwenyewe atasema anataka kuhama hapo mkubalie, tena msaidie kubeba cherehani. Ila asipolisema usilianzishe wewe.